Mzee Aliyeng'oa Magurudumu ya Willow Bend

Saa kumi na mbili asubuhi, miguu miwili yenye buti imechomoza chini ya nyumba ya Ofelia Quintana. Mwili mwingine wote umo uvunguni, pamoja na jeki, tochi na mbwa wa jirani aliyejikaribisha mwenyewe.

"Jaribu mlango wa choo!" sauti inatoka chini.

Ofelia, mjane wa miaka sabini na minne, anausukuma. "Bado unakwama!"

Jeki inalia. "Na sasa?"

"Sasa unafunga. Haya toka huko, mzee, kabla hujaota mizizi. Kahawa inapoa."

Eusebio Archuleta, 68, anatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kazi yake ni kunyoosha nyumba. Kila mwaka barafu ikiyeyuka ardhini, nyumba za Willow Bend, mtaa wa nyumba za magurudumu kusini mwa jimbo la Colorado, Marekani, huinamia upande mmoja. Milango hukwama, mayai huteleza kwenye kikaango. Yeye huzirudisha sawa kwa dola sabini kila nyumba, isipokuwa kwa Ofelia, ambaye hulipa kwa kahawa na masimango.

Zamani hakuwa mtu wa uvunguni. Alikuwa dereva wa lori lililovuta nyumba hizi za magurudumu kutoka kiwandani. Kati ya nyumba arobaini na moja zilizopo hapa, zaidi ya nusu alizileta yeye.

"Nyumba ikiingia, ilikuwa kama harusi," anasema, na macho yanacheka. "Watoto wanakimbia mbele ya lori. Wanaume wananielekeza, kila mmoja upande wake, mpaka sijui nimsikilize nani. Wanawake wameshapika mchuzi wa pilipili za kijani, sufuria hii hapa."

"Na wewe ulikula sufuria nzima," Ofelia anadakia.

"Nilikuwa kijana. Na ulikuwa unapika vizuri enzi hizo."

"Ala! Na hiyo kahawa nirudishie."

Mzee Haines, mwenye ardhi wa wakati huo, alikuwa akifunga ofisi yake na kuja kuwapa wageni mkono. Hapa ni kwenu mpaka mtakapochoka wenyewe, aliwaambia. Watu wakamwamini, naye hakuwahi kumfukuza mtu, hata mwaka mgodi wa karibu ulipofungwa na nusu ya wapangaji wakashindwa kulipa kodi ya kiwanja.

Nyumba ikishatua, Eusebio aling'oa magurudumu na ekseli zake. Hiyo ilikuwa sehemu ya ujira wake. Aliwauzia wafugaji kwa ajili ya matrela ya ng'ombe. Hakuna aliyelalamika. Nani alitaka magurudumu tena? Watu walijenga vibaraza, wakapanda miti ya matufaa, wakazika mbwa wao nyuma ya nyumba.

Haines alifariki miaka tisa iliyopita. Warithi wake wanaishi mbali, na kodi ya kiwanja imepanda mara tatu tangu wamzike. Januari hii walitangaza kuwa wanauza. Kampuni moja inataka kujenga majumba ya kupangisha watalii.

Hapo ndipo jina "nyumba za magurudumu" linapogeuka kichekesho kichungu. Nyumba ni ya mkazi, ardhi si yake. Kuihamisha ni zaidi ya dola elfu kumi, viwanja vingine havipokei nyumba kuukuu, na nyingine zikivutwa zitapasuka kabla hazijafika barabara kuu. Kumwambia Ofelia ahame ni kumwambia aiache nyumba aliyomaliza kuilipa.

"Ungetuachia hata magurudumu yetu, tungejiondokea," Ofelia anamtania Eusebio.

"Ndiyo maana niliyachukua. Ningewaachia mngeenda."

Wanacheka.

Wakazi hawakukunja mikono. Sheria ya jimbo inawalinda: hafukuzwi mtu bila sababu inayotambuliwa kisheria, na mwenye ardhi akitaka kuuza ni lazima awape wakazi nafasi ya kutoa bei yao, mradi zaidi ya nusu ya wenye nyumba wakubaliane. Walikubaliana karibu wote. Wakatafuta mkopo wa pamoja, wakapeleka bei yao. Sasa wanasubiri jibu.

Wakati wanasubiri, mtu wa kampuni alikuja kibarazani kwa Eusebio. Alitaka kuwashawishi wakazi waondoke kwa hiari, na alihitaji dereva wa kuzivuta nyumba zitakazovutika. Malipo ya kiangazi kimoja yalizidi anachopata Eusebio kwa miaka miwili. Eusebio, ambaye paa lake linavuja, akaomba wiki moja ya kufikiri.

Habari ilizunguka kabla gari la mgeni halijafika getini. Wiki ile hakuna aliyemwita kunyoosha nyumba. Ofelia alimpita kwenye masanduku ya barua bila kumtania.

"Hilo ndilo lililoniumiza," Eusebio anakiri. "Angenitukana ningelala vizuri."

Mtu wa kampuni aliporudi, Eusebio alimwambia hapana, pale pale barazani, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Jioni ile Ofelia alimgongea mlango.

"Mlango wangu wa choo unakwama," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza upumbavu wako."

Lori lake bado lipo nyuma ya nyumba, na injini inawaka. Warithi wakikubali bei ya wakazi, Eusebio ana safari moja anayoitaka kabla ya kustaafu. Kiwanja namba tisa kiko wazi, na mjukuu wa Ofelia amenunua nyumba kuukuu huko bondeni. Eusebio anataka kuivuta mpaka hapa, na amekwisha kwenda kuikagua. Fremu ni nzima, anasema, itafika.

Na wakikataa? Je, kampuni ikija tena na malipo mazuri zaidi?

Eusebio anafuta mikono kwenye suruali na kuangalia njia ya changarawe inayopita katikati ya nyumba.

"Watafute dereva mwingine," anasema. "Mimi hapa njia ninayoijua ni ya kuingia tu."