Wageni wa Dada Turubai

Kwa miaka thelathini na moja alishona maturubai ya malori, ndiyo maana hata waliomjua tangu utotoni walimwita Dada Turubai. Hakuolewa. Watu waliuliza, wakachoka kuuliza. Aliishi na mama yake, na mama alipopooza upande mmoja, ndugu wengine wote ghafla wakawa na kazi mbali. Yeye ndiye aliyebaki kumgeuza kitandani, kumlisha na kusikiliza manung'uniko yake. Miaka kumi na miwili hakulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja.

Chombo chake cha tanga alikipata kiwandani. Mzee mmoja mpenda bahari alileta tanga lake lishonwe, kisha akarudi mikono mitupu kusema macho yamekwisha, chombo kinaoza gatini, na kama Dada anakitaka akichukue. Alidhani mzee anatania. Kilikuwa cha hatua kumi na mbili kutoka mbele hadi nyuma, chumba kimoja chini, vitanda viwili vyembamba, jiko la kuweka sufuria moja na nusu. Mama alipozikwa na ndugu wakakubaliana kuiuza nyumba, alifungasha nguo zake kwenye mabegi mawili, akahamia humo. Wenzake kazini walimpa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tano.

Aliyekuwa akimtembelea kila Jumamosi ni Nesi, yule mstaafu aliyekuwa akija nyumbani kumsafisha mama vidonda. Nesi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ya kwanza alipoona tanga limejaa upepo alicheka kama msichana. Na ni yeye, si Dada, aliyetamka kwanza: "Siku moja tuvuke bahari."

Wakaanza kujiandaa. Walijifunza ramani, redio, hali ya hewa, kushika usukani kwa zamu. Miaka miwili ikapita hivyo. Safari ingechukua karibu mwezi mzima bila kuona nchi kavu. Siku ya kuondoka ikawekwa Jumanne, na Jumapili iliyotangulia Dada akaita watu saba waje kula chakula cha mchana. Aliazima sahani. Alipika kuku wawili, kwa zamu, kwa sababu hawakuenea sufuria moja.

Walikuja watatu.

Wa kwanza alikuwa Mkata, aliyekata maturubai ambayo Dada aliyashona, meza yake mkabala na yake miaka yote ile. Alikuwa na tumbo la kutosha watu wawili, na kwenye kile kitundu cha kushukia chini akakwama kiunoni.

"Dada, ulipimia nani hapa?" alipiga kelele. "Nipe mkasi nipanue!"

Wa pili alikuwa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa familia. Hawakuwa wameongea sana tangu nyumba iuzwe. Aliketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake mkononi, akitazama kila kitu mara moja tu, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Nesi akaja mwisho. Walikuwa wamekubaliana aje na begi lake kubwa, alale humo siku mbili mwili uzoee. Alikuja na mkoba mdogo wa begani. Dada aliuona mkoba ule kabla hajaiona sura ya mwenyewe. Alimpa kipande cha paja, alichojua anakipenda.

Mkata aliwachekesha mpaka sahani zikaisha. Aliuliza kama papa hubisha hodi. Aliuliza choo kinafanya nini mawimbi yakipanda. Nesi alicheka kila mara, ila alichelewa kidogo, baada ya wengine.

Baada ya chakula wanawake wawili walipanda juu na beseni. Dada akaosha, Nesi akafuta.

"Begi liko wapi?"

"Nyumbani."

"Utakuja nalo kesho?"

Nesi aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. "Mume wangu anasema..." Akajikatiza. "Hapana. Nisimsingizie mzee wa watu. Ni mimi. Tangu ile siku ya mazoezi, mawimbi yalipotaka kutupindua, naogopa. Nimefungasha mara mbili, nimefungua mara mbili."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungeahirisha. Nami nilidhani hofu itaniisha." Alikuwa akilia sasa bila sauti. "Nitukane basi."

Dada Turubai hakumtukana. Kuogopa alikujua. Kilichomchoma ni zile wiki za karibuni, walipokaa pamoja sakafuni wakipanga makopo ya chakula chini ya vitanda, yeye akihesabu siku za watu wawili na mwenzake akijua ni za mmoja.

"Nipe hiyo sahani," alisema. "Imekauka."

Wageni walipokuwa wakiondoka, mdogo wake alibaki nyuma gatini. Alikuwa amesikia.

"Dada, acha hii habari. Njoo ukae kwangu. Kuna chumba."

"Chumba hicho kipo tangu lini?"

Aliinamisha kichwa. "Tangu zamani," akasema.

Dada alimtazama akienda, bega moja limeshuka kama la mama yao.

Jumanne ikapita chombo kikiwa kimefungwa palepale. Hakuna ambaye angemcheka akibaki, na hilo ndilo lililomnyima raha: angebaki, na hakuna mtu ambaye siku yake ingebadilika kwa lolote. Akakunja shuka za Nesi akazipeleka kwake, akaziacha mlangoni. Akajizoeza kulala dakika ishirini ishirini kwa saa ya kengele. Akafunga kamba zote upya ili azifikie akiwa peke yake. Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, akaondoka. Hakumwambia mtu saa.

Siku ya tisa tanga kubwa lilichanika kwa urefu wa mkono. Alilishusha, akaliweka mapajani, akashona kutwa nzima, mshono wa malori, mara mbili kila upande. Ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Alianza kuongea na mama yake kwa sauti, kwanza kwa adabu, kisha akamgombeza kwa mambo ya miaka kumi na miwili, na alipomaliza kumgombeza akalia kilio ambacho hakukipata msibani, maana msibani alikuwa jikoni akiwachemshia watu chai.

Alifika siku ya ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Mfanyakazi wa bandari alidaka kamba yake.

"Mko wangapi humo ndani?"

Alionyesha kidole kimoja. Yule mtu akachungulia ndani kuhakikisha, akaandika, akaenda zake.

Alipopata simu alimpigia Nesi.

"Umefika," Nesi akasema.

"Nimefika."

"Ulikula vizuri?"

"Makopo yamebaki mengi."

Kisha Nesi akauliza kuhusu mguu wa Dada, ule uliokuwa ukimvimba tangu kiwandani, naye akamjibu, wakaongea ya mguu tu hadi salio likaisha.

Siku hizi anashona matanga kwenye banda moja karibu na bandari ile. Wenzake ni vijana, wanamwita Mama, na saa kumi na moja kila mtu hushika njia ya kwake. Mdogo wake huandika kila mwezi, barua fupi, za watoto na shule. Nesi amesema atakuja kwa ndege. Bado hajataja tarehe, na Dada Turubai hajamuuliza.