Saa Kumi na Moja Zilizopotea Kati ya Vancouver na Dar

Nakumbuka siku tuliyomzika baba yangu kule kijijini kwetu Mollo, mwanangu, na hesabu ya siku ile haijanikaa sawa hadi leo.

Baba alifariki Jumapili. Kaka Deo, mzaliwa wa kwanza, alikuwa akisoma Kanada, mji wa Vancouver. Alipiga simu dukani kwa jirani yetu, nikaipokea mimi. Akasema anaondoka huko Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na mpaka atue Dar es Salaam safari itachukua saa ishirini na nne. Mama alikuwa na ombi moja tu: Deo amwone baba yake kabla hajafunikwa udongo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kichwa kikubwa kuliko kofia. Wazee wakanipa kazi ya kupanga siku. Nikawaambia atatua Jumanne jioni, Jumatano atapanda basi hadi Mbeya, Alhamisi mchana yuko hapa. Baba mdogo akaniuliza taratibu, "Saa za huko na za kwetu ni moja?"

Sikujua. Swali lenyewe sikulielewa. Nikajibu, "Saa ni saa tu, baba mdogo."

Alhamisi asubuhi tukamtoa baba mochwari, na akishaletwa nyumbani harudishwi. Tukangoja. Mama alitazama barabara mpaka macho yakamwuma. Jua lilipoanza kuzama padri akasema basi, tukazika.

Deo alifika Ijumaa mchana, suti imekunjamana. Kumbe Vancouver wako nyuma yetu kwa saa kumi na moja. Alitua Jumatano alfajiri, akatoka uwanjani mabasi ya Mbeya yameshaondoka, ikabidi apande la Alhamisi. Walinieleza mara tatu, nikaitikia kwa kichwa tu. Mtu amekaa angani saa zilezile alizosema, iweje achelewe siku nzima? Hata juzi uliponionyesha kwenye simu yako niliitikia tu, mwanangu. Bado sielewi.

Ninachokielewa ni hiki. Deo alisimama kaburini akauliza, "Nani alipanga siku?" Mama akasema, "Tulipanga sote, baba." Mama hakuwahi kunilaumu, na hilo limeniumiza kuliko kama angenichapa.

Basi sikia. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama ukoo mzima unakutazama wewe msomi. Ningesema hivyo, baba mdogo angemwuliza mwalimu au padri, tungengoja siku moja zaidi. Aibu yangu ingeisha kabla ya chakula cha jioni.

Nenda salama huko unakokwenda kusoma. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na kila utakaporudi, awe amekutunzia sisi wote, utukute tungali hai.