Mwiko wa Maji Mawili

Wifi yangu Mwanasiti alikuwa akiiona nyumba ya mamake kila siku iendayo kwa Mungu, na kwa miaka mitatu hakukanyaga kizingiti chake. Sisi tunakaa Pangani mjini, mamake yuko Bweni, ng'ambo ya mto tu, na pantoni lipo. Wala hawakugombana. Ni mwiko. Nausimulia mie Najat kwa sababu mkono wangu umo.

Ilianza kwenye shavu la kulia, enzi zile sukari inapangiwa foleni. Mwanasiti alikuwa jikoni anachoma vitumbua, mara akapiga ukelele, upawa ukamtoka. "Umeme, wifi! Umeme umenipita usoni!" Tukasema jino hilo. Fundi wa meno akang'oa moja, akang'oa la pili, akang'oa la tatu, yote mazima, nimeyaona kwa macho yangu. Umeme uko palepale. Akawa hanawi uso, hatafuni upande ule, upepo ukimgusa tu analia.

Tukaenda hospitali. Daktari akasema ni mshipa wa fahamu. Lo! Kwetu mshipa ni maradhi ya wanaume, ya kuvimba huko chini. Mtaa ulicheka wiki nzima, ati mke wa Tahiri ana mshipa! Dawa aliyoandikiwa haikuwapo. Siku hizo hata bandeji unakwenda nayo mwenyewe. Tahiri, mumewe, ambaye ni kaka yangu, akahangaika hadi Tanga mjini akavipata vidonge. Muuza dawa akamuuliza, "Nani kwenu ana kifafa? Hivi ni vidonge vya kifafa." Akarudi uso umemsawijika. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Kifafa kwetu hakuna! Akionekana anavimeza hivi, nani atawaoa binti zetu?" Nikavitupa chooni, nikajiona nina akili.

Basi tukahamia kwa waganga. Akaumikwa kwa pembe, akanywa kombe la aya zilizooshwa, akaogeshwa maji ya moto ya kiberiti kule Amboni. Na kila mmoja alimwachia mwiko wake: huyu asile pweza, yule asile mbuzi, mwingine asilalie ubavu wa kulia. Mwisho kabisa Mzee Zebedayo, mganga wa upande wa Muheza, akasema ana jini la maji. Asivuke maji mawili, pale mto unapokutana na bahari. Akivuka, jini litawaita nduguze. Akampa mizizi ya kujifukiza, na wallahi umeme ukanyamaza siku kumi na saba! Alikula muhogo wa kuchoma anacheka. Uliporudi nikamwambia, "Si unaona, mganga wako muongo." Akanijibu, "Hujui wewe. Umerudi kwa sababu nilitamani kuvuka." Mtu wa hivyo utamwambia nini?

Mamake, Bi Mwanamwema, mwanzoni alikuwa akija mwenyewe kumtazama, mpaka nyonga ikamshinda. Ikabaki salamu: "Mwambieni aje nimwone." Miaka ikaenda, vitenge vikarudi madukani, sabuni za kunukia zikarudi, watu wanaimba kila kitu ruksa. Mwanasiti yeye hana ruksa. Anakaa barazani, upande wa khanga umemfunika shavu, anatazama Bweni. Nilimhurumia mpaka nikaanza kumchukia.

Alhamisi moja asubuhi akaja Hatibu, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu. "Bi Mwanamwema hali yake si nzuri," akasema. "Anamtaja mwanawe."

Pantoni lilikuwa bovu, linangoja spea. Nikamshika Mwanasiti mkono. "Leo utavuka, hata kwa kubebwa. Mama hana wa pili." Hakubisha. Akaingia mtumbwini, mdomo unasoma kila dua anayoijua.

Tulipofika katikati, upepo ukampiga usoni. Alitoa mlio ambao sijausikia hata kwa mwanamke anayejifungua. Akaukumbatia ukingo wa mtumbwi, tukayumba, maji yakaingia. "Wanakuja! Nirudishe, Najat, nirudishe kwa haki ya Mungu!" Mbele yangu nawaona watu waliosimama mlangoni kwa mamake, namjua hadi aliyevaa kanzu. Nilitaka kusema twende. Mie niliyewacheka waganga wote, mie hodari wa maneno, nikaingiwa na hofu ya lile jini. Nikamwambia Hatibu, "Geuza."

Hatibu akanitazama mara moja, akageuza.

Bi Mwanamwema alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri ileile. Walituambia aliuliza mara mbili kama mtumbwi umefika.

Siku ya pili Mwanasiti aliamka akasema anakwenda msibani. Hakuna aliyethubutu kumtajia mwiko. Akakaa mbele ya mtumbwi, khanga ameiteremsha mabegani, uso wazi, upepo wote wake. Nikawa namwangalia tu, nangoja ule mlio. Tukafika katikati. Tukapita. Tukashuka Bweni, akatembea kwa miguu yake hadi chumbani kwa mamake, akaketi kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa.

Wanawake wakamjia kumpa pole. Alikuwa anajipapasa shavu, polepole, halafu akajipiga kofi la nguvu palepale.

"Wifi," akaniambia, "mbona leo haliumi?"

Nikainama. Akajipiga tena.

"Najat, nakuuliza. Mbona haliumi?"