Ulezi wa Babu Nzowa

Harufu ya kimea cha ulezi ikinipita puani, hata leo katika uzee huu, hasira hunipanda kabla sijajua inatoka wapi. Si kosa la kimea. Ulezi uliolowekwa ukachipua, ukaanikwa mkekani na kusagwa, hunukia vizuri, utamu wenye uchachu kidogo kwa mbali. Lakini nyumba yetu pale Hasamba haikuwa nyumba ya kunukia hivyo. Mama alikuwa Mkristo wa siku nyingi, na katika kanisa letu, zamani zile za Waingereza, pombe ilikuwa marufuku kuipika, kuinywa, na hata kwenda kulima shamba la mtu aliyeipika. Baba alikuwa kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma, tukimwona kwa nadra. Kwa hiyo yaliyotokea msimu ule wa palizi, mimi nikiwa msichana wa kubeba mtungi, yalimwangukia Mama peke yake.

Jirani yetu Babu Nzowa alikuwa amechimba dhahabu Saza miaka mingi, akarudi na kifua kibovu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto hawakuwa nao. Mama alikuwa amejitwika kumwangalia bila kuombwa na mtu: mimi nimpelekee maji na kuni, yeye apike na kumfulia. Babu alikohoa mpaka akashika ukuta, kisha akanitania, "Eliza, mke wangu, leo maji umeyachota au umeyalilia njiani?" Mvua zilipoanza alipanda ulezi wake mwenyewe, akitupa mbegu kidogo, akikaa, akiinuka tena. Mama alimgombeza, akasema chakula tutampa sisi. Babu akamjibu, "Cha kupewa nashukuru, mwanangu. Lakini ulezi wangu ndio unaoniamsha asubuhi." Basi ulezi ukaota, na magugu yakaota nayo, tena yale majani yanayofanana nao kabisa, yanayotaka mtu achuchumae ang'oe moja moja. Mimi na Mama tulipalilia kila tulipopata nafasi, na kila tulipogeuka nyuma yalikuwa yameota upya. Yasipong'olewa upesi, mavuno hayapo, na Babu angerudi kukaa ukutani akisubiri sahani ya watu.

Na kanisa? Aa, kanisa lilikuja! Kila Jumapili baada ya ibada walikuja kundi zima, nguo nyeupe, viatu mkononi kwa sababu ya tope, wakaimba nyimbo zote wanazozijua huku Babu akijikaza asikohoe katikati ya sala. Waliacha viazi, wakaacha maharage, wakaondoka wakisema jinsi mgonjwa alivyofurahi. Mama akawaomba waje na majembe. Jumapili si siku ya kazi, wakamwambia. Jumatatu je? Jumatatu kila mtu ana kahawa yake na mahindi yake. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulimwahidi. Siku ya ahadi tulisimama shambani mimi, Mama na mvua. Wapi! Hata mbwa hakupita.

Kulikuwa na njia ambayo kila mtu aliijua. Tangu zamani, mtu akishindwa na shamba anapika pombe, majirani wanakuja alfajiri, na jua halijawa kali kazi imekwisha. Mama alimwendea Mzee Simkoko, ambaye wasiokuwa wa kanisa walimsikiliza, akamwomba awaite watu wake, atawapa togwa isiyolevya na maharage washibe. Mzee alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mama Eliza, togwa nitamwitia nani? Watoto? Mikono ipo tele. Wewe lete kinachowaleta watu." Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimefura kwa hasira: huku wana nyimbo na hawana majembe, kule wana majembe na hawaji bila pombe, na katikati mtu mmoja anakohoa akitazama ulezi wake unamezwa. Nilimwambia Mama ampe ulezi jirani asiyesali, atupikie pombe. Akanikata jicho. "Nimtume mwenzangu akanitendee dhambi yangu? Nitapika mwenyewe."

Akapika. Siku ya kazi walikuja wengi mpaka wakagongana viwiko, wakitaniana na kuimba, Babu ameketi pembeni akiwaelekeza kama bwana shamba, na kabla ya adhuhuri magugu yote yalikuwa yamelala. Watu wa kanisa walipita njiani, wakatazama, wakaharakisha mwendo.

Wazee wa kanisa hawakuchelewa kumwita Mama. Tulisimama mbele yao, mimi nimeshika kitenge chake. Mkubwa wao hakuwa mtu mkali, alimsihi. "Mama Eliza, sema tu nimekosa, tuyamalize." Mama akasema, "Nimekosa nini, baba? Shamba la mgonjwa limepaliliwa." Wakamtenga na meza ya Bwana, wakamkalisha benchi la nyuma mpaka atubu. Ulipofika wakati wa mavuno, Babu Nzowa alituma kanisani kikapu cha ulezi, shukrani yake kwa waliomwimbia. Kikapokelewa mbele kwa wimbo, yule yule mzee akakiombea baraka, na Mama akiwa nyuma karibu na mlango. Nilitaka kupiga kelele. Mama akanibana mkono, akaitikia amina. Babu alikula ulezi wake mwaka ule na akafa kabla ya palizi nyingine. Mama hakutubu kamwe, na benchi lile alilikalia mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa naishi Tunduma kwa mjukuu wangu, na siku hizi hakuna anayetengwa kwa jambo kama lile. Tuna kamati ya kutembelea wagonjwa, ina sare na mweka hazina. Jirani yangu mmoja amepooza upande mmoja, nduguze wako Zambia, na mgongo umeanza vidonda kwa kulala chali bila kugeuzwa. Tunampelekea sabuni na sukari, tunaimba, tunapiga picha. Wiki iliyopita nilisimama mlangoni nikawaambia wabaki wawili tu, tumgeuze na kumwosha. "Tutapanga, Bibi," wakanijibu kwa heshima zote, wakaenda zao. Nikajaribu peke yangu. Mikono hii imezeeka, hata bega lake sikuliinua. "Acha, Bibi, utaumia," akaniambia. Nikaketi kando ya kitanda, nikalia kwa hasira, naye akanyoosha ule mkono wake mmoja mzima akaanza kunibembeleza.