Simbilisi Kando ya Moto

Mtu akiwasha magunzi ya mahindi, hata hapa mjini Kakamega, hasira hunipanda. Moshi wake ni ule ule wa jiko letu la udongo, lisilo na dirisha, ambamo baba alifuga simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia.

Wangu, mweupe, alishikwa na mafua mabaya. Alipumua kwa kukoroma, macho yamejaa tongo. Nilimfuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, nikamtoa nje hadi barazani, na huko akatafuna majani kidogo.

Baba akamrudisha kando ya mafiga. "Kifua inatakanga joto," akasema.

"Moshi unamuua, baba!"

"Nani alikufunza udaktari?"

Asubuhi nilimkuta amekakamaa, manyoya yakinuka moshi. Sikulia. Nilichukua jembe nikaanza kutoboa ukuta wa jiko, udongo ukiniangukia miguuni, mpaka baba akaninyang'anya na kunichapa. Akaamuru tundu lizibwe siku hiyo hiyo.

Aliyetumwa kulikandika alikuwa mama. Alibandika tope kwa mikono miwili, akisimama kila mara ili akohoe.