Rozari ya Perege

Pyo, pyo, pyo. Midomo midogo, mingi, ikifunguka na kufumba juu ya maji, jua likiwa utosini. Sauti ile ninayo mpaka leo. Nikiwa jikoni wali ukaanza kukauka, vile vipovu vya mwisho vikipasukapasuka chunguni, basi narudi moja kwa moja Katindiuka, shambani kwa bibi, kwenye dimbwi lililokuwa pembeni ya majaruba ya mpunga.

Najua mtacheka. Binti mwenyewe hata mvi moja sina, naanza habari za enzi zetu. Lakini ninyi tuliokua pamoja Ifakara mtanielewa, hasa mliowahi kuchapwa kwa sababu ya kwelea. Likizo hatukwenda kutembea, tulikwenda kuamia ndege. Mimi na binamu yangu Deo tulishinda juu ya dungu tukigonga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, tukipiga kelele mpaka sauti zikawa za vyura. Deo alipiga kelele kuliko mimi, ila kwelea walishamzoea. Nadhani wengine walikuja kumsikiliza. Mchana bibi alitupakulia wali na majani ya kunde, na ukoko tuliugombea kama urithi wa nyumba. Siku hizi mtoto ukimpa ukoko anakuuliza kama chakula kimeungua.

Dimbwi lile tulilihesabu kuwa letu. Mafuriko yaliporudi mtoni yaliacha maji kwenye bonde, na ndani ya maji yakaacha watoto wa perege, wadogo kama mbegu za tikiti. Asubuhi walikimbizana huko chini. Ikifika mchana wote walikuja juu, midomo hewani, pyo pyo pyo.

"Bibi, hawa wanataka nini?" nilimuuliza.

Bibi alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mtu asiyekosa misa hata akiwa na homa. Hakuinua kichwa kwenye palizi yake. "Wanasali rozari. Na ninyi salini, tangu asubuhi sijawasikia."

Nia yake ilikuwa tumwache afanye kazi. Sisi tukaamini. Tulipiga magoti kwenye tope, Deo akaongoza litania. Watakatifu aliowajua hawakuwa wengi, kwa hiyo baada ya Petro na Paulo aliingia kwenye majina ya walimu wetu wa shule. Perege wakafungua midomo, sisi tukawaitikia kwa nguvu, "Utuombee!" Nyuma yetu kwelea walikula mpunga kwa raha zao, hawana haraka.

Tulisali hivyo siku kadhaa. Dimbwi likapungua, rozari ikawa ndefu. Halafu mchana mmoja nikaona vitumbo vyeupe.

"Deo, wanakufa."

"Hapana, hao wamemaliza wanapumzika."

"Wanakufa, mjinga wewe! Weka mguu uone."

Akauweka, akauchomoa mbio. "Mama yangu! Haya si maji, ni chai."

Mimi nilikuwa mtoto wa kumlilia kuku wa Krismasi tangu akiwa hai, kwa hiyo mnaweza kufikiri hali yangu. Nikasema tuwapeleke mto Lumemo, sasa hivi. Deo akakubali, lakini akasema safari ni ya hatari na hawajabatizwa. Alijifunga khanga ya bibi shingoni, akawa padre. Mimi nikawachota kwa kikombe na kuwatia kwenye ndoo, yeye akawapa majina: Petro, Agnesi, Paulo, Agnesi mwingine. Kubatiza samaki kuna shida yake, kwa sababu hujui utamlowanisha vipi aliyekwisha kulowana. Ibada ikachukua muda, ndoo ikiwa juani. Kisha tukaifunga nyuma ya baiskeli ya bibi na kuisukuma njia nzima, jua linatuchoma sisi, linaichoma na ndoo.

Tulipofika mtoni nikachungulia. Wote walikuwa wanaelea, weupe, Agnesi wote wawili.

Nikalia. Bibi alishaona shamba limekuwa kimya, akatufuata kwa hasira na fimbo mkononi. "Ndege wamemaliza mpunga, ninyi mko..." Akaona ndoo. Akatumbukiza kidole, akakitoa. "Hawa mmewaleta mtoni au mmewapika? Naona imepungua chumvi tu."

Deo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikazidi kulia. Basi bibi akaitupa fimbo, akaivua ile khanga shingoni kwa padre, akanifuta nayo machozi na kamasi. Akatuambia kwamba maji yakipata moto, hewa inayakimbia, na samaki mchanga ndiye wa kwanza kukosa.

"Sasa mbona ulisema wanasali?" nikamuuliza kwa kwikwi.

"Kwani mtu anayekosa hewa hasali?"

Jioni jua lilipopoa alirudi na sisi dimbwini. Tukawachota waliobaki, akafunika ndoo kwa gunia lililoloa. Mtoni nikataka kumwaga yote mara moja, akanishika mkono. Akawa anaongeza maji ya mto ndani ya ndoo, kikombe baada ya kikombe. "Wewe Tina, ukitoka juani nikakumwagia maji ya mtungi mgongoni, utanishukuru?" Baadaye akainamisha ndoo, nao wakatoka wenyewe, wakapotea kwenye majani. Hao hawakubatizwa, muda haukutosha. Deo alihangaika nalo hilo mpaka tukapata kipaimara.

Siku hizi bibi hayupo. Deo anaendesha bodaboda Kibaoni, na kelele zake sasa zinamsaidia kuita abiria. Dimbwi lipo, ila mikuyu iliyolipa kivuli cha asubuhi imekatwa ili majaruba yaongezeke. Zamani rozari ilianza jua likiwa utosini. Mwaka huu nilikuta wameshaanza, na mimi chai ya asubuhi haijashuka vizuri tumboni. Mdogo wangu, aliyenisindikiza, akatoa simu akawapiga video na kuwawekea muziki. "Dada, ona wanavyoimba!" Nikamwambia atie mguu asikie. Akaniambia viatu ni vipya.

Juzi redioni nikamsikia mtaalamu akisema hata bahari, pamoja na ukubwa wake wote, inapata joto, na maji yake yanaanza kuelekea uchachu, na wanaoumia mapema ni samaki wachanga. Mimi bahari sijawahi kuiona, shule yangu ilinifikisha hapahapa. Lakini niliihurumia kama jirani aliyeuguliwa. Dimbwi la bibi lilihitaji ndoo, gunia na jioni moja. Bahari nani ataifunika gunia?

Nikamweleza Deo kijiweni kwake kwamba naenda kuwahamisha wa dimbwini kabla jua halijawamaliza. Akanicheka mbele ya wenzake wote. "Jamani, Tina anakwenda kuokoa mboga ya paka!" Nikacheka na mimi, maana ni kweli mboga ya paka. Wenzake wakataka kujua kama kuna nauli ya samaki mmoja mmoja au wanapanda mishikaki, wanne kwa pikipiki moja. Nikawaacha. Mimi nina ndoto yangu: iko siku nitachimba bwawa langu, lenye migomba pande zote, na hao wa vijiweni watakuja kuniomba kitoweo.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Katindiuka peke yangu. Maji yalikuwa bado ya baridi na perege walikuwa wanakimbizana chini, kama tulivyowajua. Nikawachota taratibu, nikafunika ndoo kwa gunia nililoloweka, nikapanda baiskeli hadi Lumemo kabla jua halijachangamka. Nikaongeza maji ya mto, kikombe baada ya kikombe, nikimngoja bibi aseme inatosha. Mwisho nikaamua mwenyewe kwamba imetosha, nikainamisha ndoo.

Wakatoka wote isipokuwa mmoja, mnene kidogo, aliyeng'ang'ania chini ya ndoo kana kwamba amelipia. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikachovya kidole, nikamgusa kichwani, nikamwita Deo. Halafu nikamsukuma.

Nikachuchumaa pale ukingoni, nikatega sikio kwa muda mrefu. Hapakuwa na mdomo hata mmoja juu ya maji. Nikaitikia hivyohivyo, kwa sauti ndogo: "Utuombee." Nikasuuza ndoo.