Mshikio wa Ngao ya Mfalme

Kwa miaka thelathini fundi Ansila aliwatengenezea ngao Wagepidi, kabila letu la kando ya mto Tisa, na hakuna ngao iliyotoka mikononi mwake kabla ya kupimwa mara tatu. Mkewe, Gudila, alizoea kusema kwamba mumewe hata uji huutazama kwanza kama umenyooka.

Kwa desturi yetu, mfalme mpya husimama juu ya ngao, akainuliwa mabegani na wapiganaji wanne na kuzungushwa uwanjani mara tatu. Akianguka, ufalme humponyoka, na fundi wa ngao hiyo hapewi kazi tena. Ndiyo maana Ansila alikosa raha Thurimar alipochaguliwa kuwa mfalme: shujaa kweli, lakini mnene kama mapipa mawili ya bia.

Aliongeza unene wa mbao na ngozi ya fahali. Kisha, kinyume cha desturi, kwani ngao ya kuinulia mfalme haina mshikio, akapigilia mshikio upande wa ndani, pale pale mfalme anaposimama.

"We baba, si atajikwaa huyo!" Gudila alishtuka.

"Ngao bila mshikio ni sinia, mke wangu. Sinia mimi sitengenezi."

Siku ilipofika, walihitajika wapiganaji wanane. Mzunguko wa kwanza ulikwenda salama. Katika wa pili, mmoja wao alipiga chafya. Ngao ikainama, Thurimar akapinduka kinyumenyume, ndevu zikafagia matope.

"Kaanguka!" alishangilia Wadamir, binamu yake aliyeutamani ufalme.

"Nimeanguka wapi, we kichwa maji?" Thurimar alifoka, miguu juu. "Mgongo umegusa chini?"

Haukugusa. Mguu wake ulikuwa umenasa kwenye mshikio.

Wazee waliinama, wakachungulia, wakanong'onezana.

"Yuko juu bado," wakaamua. "Zungusheni!"

Akamalizia mzunguko wa tatu akining'inia hivyo hivyo, huku akiwapungia watu mkono.

"Fundi," mzee mmoja alimwambia Ansila, "umefikiria mbali! Ngao zote za wafalme utatengeneza wewe."

"Kusema kweli, mzee, mimi sikukusu—"

Gudila akamkanyaga kidole cha mguu. "Amekusudia, mzee. Wiki nzima hakulala, anakusudia tu."

Mafuta ya nguruwe waliyompaka hayakufaa kitu. Mguu ulikataa kutoka. Mfalme akaenda karamuni akiiburuta ngao, kwa! kwa! kwa!, na Ansila nyuma yake, patasi mkononi, akimsihi:

"Bwana wangu, taratibu! Unaikwaruza rangi!"